Wimbo Huu Wamsema Nani?



Jumamosi moja, mafundisho yalipokwisha na watoto walipokuwa wakirudisha mabenchi darasani, kijana mmoja aliye katika mwaka wake wa pili wa ukatekumeni alibaki nyuma akaniuliza: «Mwalimu, nikisikia katika wimbo jambo ambalo mwimbaji hakulitia, je, nimetenda dhambi?» Wenzake waliokuwa mlangoni wakacheka. Waliona ni swali la mtu asiye na kazi. Mimi sikucheka, kwa kuwa swali hilo lilinigusa mahali ambapo hata leo naona haya. Nilimwomba anipe muda. Haya ndiyo majibu yangu, na kwa kuwa si yeye peke yake asikilizaye nyimbo, nayaandika kwa ajili yenu nyote.

Yafaa kwanza tujitazame sisi wenyewe, watu wa Kivu. Nyimbo nyingi tuzichezazo hazikutungwa katika lugha tulizofundishwa na mama zetu. Nyumbani twasema Kihunde, Kinande, Kinyarwanda au Kihavu. Sokoni twasema Kiswahili. Na wimbo utokao katika simu ya muuza vitenge umetoka Kinshasa kwa Kilingala, au Dar es Salaam kwa Kiswahili kisicho sawa na chetu, au ng'ambo kwa Kiingereza. Kijana asukumaye chukudu iliyojaa makaa pale Birere huimba kiitikio chote bila kukosa silabi moja, na ukimwuliza maana yake atakujibu: «Ni wimbo mzuri.» Miguu hufahamu kabla ya akili. Basi pale ambapo maana haikufika, kila mtu huweka maana yake mwenyewe, kama mpangaji awekaye vyombo vyake katika chumba kitupu. Simlaumu. Mimi pia nimeweka vyombo.

Nilipoanza kazi katika shule ya msingi ya misioni, niliusikia wimbo uitwao «Malaika». Nikasikia neno malaika, nikasikia neno la kupenda, na sauti yake ni ya polepole kama ya sala, nikaridhika. Nikawaambia watoto wa darasa la nne kwamba ni wimbo wa mtu amwitaye malaika mlinzi wake. Tukauimba kila asubuhi kabla ya masomo, mikono imefumbatwa. Tuliuimba hivyo karibu miezi mitatu. Ndipo mzee mmoja, ambaye ujanani mwake aliwahi kufanya kazi Mombasa, akaja kulipa ada ya mjukuu wake. Akasimama dirishani akasikiliza, kisha akaketi kwenye ngazi akicheka hata machozi yakamtoka. «Mwalimu,» aliniambia, «huyo malaika wako ni msichana.»

Ndivyo ilivyo. Wimbo huo ulienea Afrika ya Mashariki tangu mwanzo wa miaka ya 1960 kwa sauti ya Fadhili William wa Kenya. Naye Adam Salim wa Tanganyika alidai kwamba aliutunga yeye, tena zamani zaidi. Miriam Makeba wa Afrika ya Kusini aliupeleka duniani kote. Kundi la Boney M. wakauimba huko Ulaya mwaka 1981, na Angélique Kidjo wa Benin mwaka 1991. Wengi waliowapigia makofi hawakujua neno moja la Kiswahili. Na wimbo wenyewe wasema nini? Kijana ampenda msichana, ataka kumwoa, lakini hana mali. Basi. Hakuna mabawa wala utukufu, ni umaskini tu na mahari isiyopatikana. Wavulana wa vijiji vyetu, ambao baba mkwe amewatajia ng'ombe wasiowahi kuwaona zizini mwao, wangeweza kuuelewa wimbo huo kuliko mtu yeyote wa Ulaya. Nami, mwalimu wao, nilikuwa nimewanyang'anya kitu chao nikawapa kingine.

Je, nilitenda dhambi? Sidhani. Watoto waliimba kwa moyo safi, na nadhani malaika walinzi wao hawakukasirika. Nilikosa kwa ujinga, wala ujinga wangu haukumwumiza mtu. Ila nilikuwa na wa kumwuliza, nisimwulize. Katika kitabu cha Matendo ya Mitume mnasoma habari za yule Mwethiopia, mtu mkubwa katika nchi yake, aliyekuwa akisoma kitabu cha Isaya ndani ya gari lake asijue nabii amsema nani. Filipo alipomwuliza kama aelewa, hakuona aibu. Alikiri kwamba hawezi pasipo mtu wa kumwongoza, akampandisha Filipo gari lile, wakasoma pamoja. Mimi nilikuwa na shahada ya ualimu, kwa hiyo sikumpandisha mtu garini.

Wazungu nao hufanya kama mimi. Kwao kuna muziki uitwao roki, wa magitaa ya umeme na ngoma kubwa, na vijana wa Goma huusikia siku hizi katika simu zao. Mwaka 1983 kundi la Uingereza liitwalo The Police lilitoa wimbo «Every Breath You Take», ambao ndani yake mwanamume amwambia mwanamke kwamba atamwangalia kila hatua yake na kila pumzi yake. Watu wengi wakauchagua kwa arusi zao. Lakini Sting aliyeutunga, siku ambazo ndoa yake mwenyewe ilikuwa ikivunjika, ameeleza mara nyingi kwamba si wimbo wa upole. Huyo ni mwanamume mwenye wivu, amchungaye mwanamke kama askari amchungavyo mfungwa. Sasa tuseme nini juu ya arusi zile? Zimekuwa batili? La hasha! Kuangalia ni neno moja, lakini askari huangalia na mama mwenye mtoto mgonjwa huangalia. Bibi na bwana arusi walisikia kuangalia kwa mama. Waliutwaa wimbo wakautumia kwa jema, wala hawakumsingizia mtu.

Najua hapa kijana wangu atainua mkono, kwa maana hasahau kitu. Atasema: «Mwalimu, basi wanisumbua bure. Kanisa lenyewe husoma Wimbo Ulio Bora, ambao ni wa bwana arusi na bibi arusi wasifianao macho na nywele na shingo, na mapadre hutuambia kwamba ni Kristu na Kanisa lake. Kama watakatifu walimwona Kristu katika wimbo wa arusi, kwa nini nisimwone malaika katika ‹Malaika›?»

Ni pingamizi la nguvu, wala siwezi kulipita mbio. Ni kweli kwamba Origene wa Aleksandria, katika karne ya 3, aliufafanua Wimbo huo hivyo. Ni kweli kwamba Mtakatifu Bernardo, abati wa Clairvaux, aliutolea hotuba 86, naye alipofariki mwaka 1153 alikuwa amefika mwanzo wa sura ya 3 tu. (Ninyi mnaonung'unika kwamba mahubiri ya Dominika ni marefu, fikirini kidogo.) Lakini angalieni jinsi walivyofanya. Bernardo hakusema kwamba hakuna bibi arusi wala bwana arusi. Alianza na watu hao wawili, na pendo lao, na kutafutana kwao, kisha akapanda juu, kama mtu apandaye ngazi iliyosimama chini. Mtakatifu Thomas wa Akwino alifundisha kwamba maana zote nyingine za Maandiko hujengwa juu ya ile ya kwanza, yaani yale ambayo maneno yenyewe yasema. Mimi sikujenga juu ya msichana wa «Malaika». Nilimfukuza nyumbani, nikamweka mwingine, nikawaambia watoto kwamba hakuwapo kamwe. Tena Bernardo hakusoma peke yake; alisoma pamoja na Kanisa lililomtangulia, hata wenzake waliweza kumrudi kama angepotoka.

Kwa hiyo twaweza kutenga mambo mawili ambayo huchanganywa kila siku. Mtu akisema, «Wimbo huu waniambia hivi,» atoa habari za moyo wake mwenyewe, na ni nani awezaye kumkanusha? Mama aliyefiwa husikia msiba hata katika wimbo wa harusi. Lakini mtu akisema, «Mwimbaji asema hivi,» hapo amekuwa shahidi juu ya mwenzake, na shahidi ana amri yake, ndiyo ya nane. Aweza kusema kweli, aweza kusema uongo, na uongo wake waweza kumwumiza mtu.

Mwaka 1984 Bruce Springsteen wa Marekani alitoa wimbo wa roki «Born in the U.S.A.», habari za askari aliyerudi kutoka vita vya Vietnam akakosa kazi katika nchi aliyoipigania. Kiitikio chake kina sauti ya ushindi, na wengi wakapeperusha bendera wasisikilize beti. Mwezi wa Septemba mwaka ule Rais Ronald Reagan, akitafuta kura huko New Jersey, akamtaja Springsteen kuwa mwimbaji wa matumaini ya taifa. Mwimbaji, siku chache baadaye, alionyesha jukwaani kwamba hajitambui katika sifa hizo. Kumtia mtu maneno kinywani ni kosa, hata kama ni maneno ya kumsifu.

Kwetu mambo kama hayo yamekuwa mazito zaidi. Tarehe 2 Juni 1966 Évariste Kimba na wenzake watatu walinyongwa huko Kinshasa mbele ya umati wa watu, kwa amri ya serikali ya Mobutu. Baadaye Franco Luambo, kiongozi wa OK Jazz, alitoa «Luvumbu Ndoki», wimbo wenye asili katika hadithi ya kale ya Wakongo juu ya mchawi alaye watu wake mwenyewe. Hakumtaja mtu wa siku zile. Lakini watu walisikia, na wakubwa nao wakasikia kwamba watu wamesikia. Sahani za muziki zikanyang'anywa, naye Franco akavuka mto akakaa Brazzaville kwa muda. Je, alikusudia hayo? Yamkini alikusudia. Lakini tazameni: maana iliyomhatarisha ilikuwa katika masikio ya watu. Na hapa Goma, tarehe 13 Februari 2025, aliuawa kwa risasi mwimbaji Delcat Idengo, ambaye nyimbo zake zilikuwa zimekwisha mfikisha gerezani. Sisemi zaidi, kwa kuwa wengi wenu mwajua.

Waimbaji hao wengi wetu hatutakutana nao. Jirani twakutana naye kisimani kila asubuhi. Sasa nafika penye aibu yangu.

Miaka kadhaa iliyopita, kabla vita havijawatawanya watu wa upande wa Sake, nilikuwa nikienda kila juma kufundisha katika kijiji kimoja cha huko. Miongoni mwa wakatekumeni alikuwamo mjane, mwanamke wa makamo, msikivu, mwenye kuuliza machache. Alimpokea nyumbani kwake kijana mmoja, mwana wa rafiki wa marehemu mumewe, aliyemaliza shule ya sekondari akakosa kazi. Kijana alimlimia maharage, alimtengenezea paa, alimbebea mizigo mpaka sokoni. Naye mjane alimlisha na kumpa mahali pa kulala katika chumba cha nje. Watu wakaanza kunong'ona.

Penye njia panda palikuwa na mtu aliyetia simu za watu umeme kwa malipo, naye alikuwa na kipaza sauti. Kila kijana yule apitapo, hupiga «Mario». Wazee wenu waujua wimbo huo. Franco aliutoa mwaka 1985, na ni habari za kijana mwenye shahada za shule asiyetaka kazi, aishiye kwa mali ya mwanamke aliyemzidi umri, na ugomvi hauishi nyumbani. Ulipendwa hata jina likawa neno. Huko Tanzania mpaka leo mwanamume alishwaye na mwanamke huitwa marioo, na wengi walisemao neno hilo hawajapata kuusikia wimbo.

Nimeambiwa kwamba kule pwani, penye taarabu, wanawake wana ustadi wa jambo hili. Ubeti fulani ufikapo, mwanamke huinuka, huenda akicheza polepole mpaka mbele, humtunza mwimbaji pesa, na huku macho yake yamemwelekea mwenzake aliyeketi. Hakusema neno. Mwimbaji hawajui hata mmoja wao. Lakini ukumbi mzima umekwisha elewa ni nani amesemwa. Mwenye kipaza sauti wetu hakuwahi kufika pwani, lakini ustadi huo alikuwa nao.

Siku moja nilikuwa nimeketi pale kwake nikingoja simu yangu. Wimbo ukaanza. Nikainua kichwa, nikamwona kijana akipita na jembe begani, uso ameuinamisha. Watu wakacheka. Nikacheka nami. Sikuwa na nia mbaya. Nilicheka kama mtu apigavyo miayo kwa kuwa mwenzake amepiga. Jumamosi iliyofuata mjane hakuja mafundishoni. Iliyofuata tena hakuja.

Nilimwendea mwenye kipaza sauti. Alinijibu kwa adabu: «Mwalimu, mimi napiga muziki tu. Kila mtu na asikie apendavyo.»

Nilirudi nyumbani na jibu hilo, likaninyima usingizi, kwa maana lafanana sana na kweli. Mimi mwenyewe ningalisema vivyo hivyo juu ya arusi na juu ya mama aliyefiwa: kila mtu na asikie. Lakini yeye hakuwa tena msikilizaji. Mtu achaguaye wimbo, achaguaye na saa, angojaye mpaka mtu fulani atokee njiani, huyo anasema. Amekopa kinywa cha marehemu Franco ili amtukane jirani yake, na akiulizwa amwonyesha Franco. Na sisi tuliocheka tulimwekea sahihi. Hakuna aliyetamka neno la uongo juu ya mjane, na kumbe kijiji kizima kilikuwa kimekwisha mhukumu.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola, mwanzoni mwa kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho, katika karne ya 16, aliweka shauri ambalo Katekisimu ya mwaka 1992 imelirudia. Ashauri kwamba Mkristu awe mwepesi kulipokea neno la mwenzake kwa maana njema kuliko kulilaani. Asipoweza kuiona maana hiyo, amwulize mwenyewe alielewaje. Na kama kweli amekosea, amsahihishe kwa mapendo. Inyasi hakuwa akifikiri nyimbo. Lakini tufanyalo kwa neno la jirani ndilo tufanyalo kwa wimbo, na ajabu ni kwamba wimbo twausamehe upesi kuliko jirani. Kijana mwenye shahada akilima shamba la mjane, kuna maana njema iliyo wazi kama jua: alikuwa na njaa, naye mjane alikuwa na shamba. Hatukuipokea, kwa sababu wimbo ulikuwa umekwisha tupa maana nyingine, iliyo tamu zaidi kuisimulia. Wala hakuna aliyemwuliza.

Basi, mkatekumeni wangu, jibu la swali lako ni hili. Kusikia katika wimbo lisilotiwa na mwimbaji si dhambi. Mara nyingine ni neema. Dhambi huingia unapolichukua ulilolisikia ukaliweka juu ya kichwa cha mtu mwingine, ukamwacha alibebe njiani.

Nilikwenda nyumbani kwa mjane. Alikuwa akichambua maharage katika ungo, na kijana ameketi karibu na mlango akitengeneza mpini. Nikasema: «Mama, nimekuja kukuomba radhi.»

Hakuinua macho. «Ulicheka,» akasema.

«Nilicheka, Mama.»

Aliendelea kuchambua kwa muda mrefu. Kisha akauliza: «Na huo wimbo wasema nini hasa? Mimi sijui Kilingala.»

Sikujua niweke wapi uso wangu. Kwa majuma mengi alikuwa ametukanwa katika lugha asiyoifahamu; alijua tu kwamba ni yeye. Nikamweleza wimbo wote kadiri ya uwezo wangu, na nilipokwama yule kijana alinisaidia kwa sauti ndogo, kwa kuwa Kilingala chake kilikuwa bora kuliko changu. Tulimweleza habari za shahada, za nguo, za magomvi. Alisikiliza kama asikilizavyo mafundisho, kichwa ameinamisha upande. Tulipokwisha alikaa kimya kidogo.

«Huyo mwanamke wa wimbo ana mali,» akasema. «Kwa nini alimpokea?»

Nikamwambia kwamba watu wote humsema Mario; sikumbuki mtu aliyepata kuuliza habari hiyo ya mwanamke.

«Alichoka kula peke yake,» akasema mjane.

Wimbo huo naujua tangu utoto, nami sikuwahi kulisikia neno hilo ndani yake. Franco alifariki mwezi wa Oktoba 1989, hakuna wa kumwuliza kama alilitia. Mjane akaweka ungo kando, akapakua viazi na sambaza katika sahani tatu, tukala.